Kozi ya chuo mtandaoni, kozi huria au darasa la jioni? Pa kujifunzia mawasiliano ya biashara ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Miaka michache iliyopita, kikundi cha wakulima wa parachichi wa Rungwe ninachokisaidia kazi za ofisi kilipata barua pepe ya mistari mitatu kutoka kwa mnunuzi wa nje. Aliuliza mambo mawili tu: tunaweza kutoa tani ngapi, na lini tutakuwa tayari kupakia. Alitaka jibu kabla ya Alhamisi.

Nilijibu Jumatano jioni. Nilianza na salamu, nikamshukuru kwa kutukumbuka, nikaeleza kikundi kilivyoanza, idadi ya wanachama, hali ya mvua mwaka ule na ubovu wa barabara ya kutoka mashambani. Tani niliziweka aya ya nne. Tarehe ya kupakia sikuitaja kabisa, niliandika "mapema iwezekanavyo". Hakujibu. Baadaye tukasikia mzigo amechukua kwa wengine.

Barua ile ilikuwa na heshima zote na Kiingereza chake hakikuwa kibaya. Kilichokosekana ni stadi yenyewe: kujua mtu wa upande wa pili anahitaji kuona nini kwanza, na kumpa. Tangu siku ile nimejifunza jambo hili kwa njia zote tatu nitakazozieleza hapa, kwa fedha yangu na usingizi wangu. Ndiyo maana mtoto wa kaka yangu aliponipigia mwezi uliopita kutoka Mafinga, anakofanya kazi kwenye yadi ya mbao, sikutaka kumjibu harakaharaka.

"Shikamoo shangazi. Bosi amenikabidhi kotesheni zote na barua za wateja. Kuna kozi ya chuo inafundishwa mtandaoni, kuna hizi za bure, na kuna darasa la jioni Iringa. Nishike ipi?"

Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya wengine walio njia panda kama yeye.

Njia tatu zenyewe

Ya kwanza ni kozi ya chuo inayofundishwa mtandaoni. Ina mhadhiri unayemjua kwa jina, ina muhula, ina tarehe za kukusanya kazi, na alama zake zinaingia kwenye rekodi yako. Chuo kinaweza kuwa cha hapa nchini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia kwenda kusoma, na kina vituo vya mkoa Mbeya na Iringa. Kinaweza pia kuwa cha Marekani au Uingereza, maana vyuo vingi vya huko hupokea mwanafunzi wa somo moja tu, popote alipo.

Ya pili ni kozi huria za kujisomea kwenye tovuti: Coursera na edX, zilizoanza zote mwaka 2012, au Alison ya Ireland iliyozitangulia mwaka 2007. Unajiandikisha leo, unaanza leo, na hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi wiki iliyopita.

Ya tatu ni darasa la ana kwa ana mjini, la jioni au la wiki chache. Mbeya ina Chuo cha Utumishi wa Umma, CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), TIA (Taasisi ya Uhasibu), MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) na kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe. Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU (Chuo Kikuu Katoliki Ruaha). SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nayo ina ofisi katika miji yote miwili na huwafundisha wajasiriamali wadogo. Kozi fupi hazifundishwi mwaka mzima, hivyo pita ofisini uulize ratiba ya mwaka huu, usitegemee tangazo la zamani ukutani.

Iko pia njia ya kufundishwa kazini na mkubwa wako. Siilinganishi hapa kwa sababu haichaguliwi. Ukijaliwa bosi anayekurudishia barua akiwa amekwaruza makosa, mshukuru Mungu, halafu chagua mojawapo ya hizi tatu kama nyongeza.

Vipimo vitano

Nimezipima njia zote kwa mambo yaleyale: nani anasahihisha kazi yako, lugha na adabu inayofundishwa, muda, gharama, na cheti. Wengi wetu huanza na ada na cheti. Mimi naanza na anayesahihisha, kwa sababu mawasiliano ni stadi ya mkono na mdomo kama ushonaji. Fundi hajifunzi kukata kola kwa kutazama video za kola. Anakata, mtu anaishika kola yake, anamwonyesha palipopinda, anakata nyingine.

Nani atasoma ulichoandika?

Kwenye kozi ya chuo mtandaoni kazi huwa ni za kuandika hasa: barua ya kumkatalia mteja ombi lake bila kumpoteza, barua ya kudai deni, taarifa fupi kwa mkuu wa kazi, ripoti, na wasilisho unalojirekodi kwa simu. Mhadhiri anazisoma na kuzirudisha na maoni. Vyuo vya Marekani vina desturi moja zaidi inayowaudhi wanafunzi wengi: mjadala wa maandishi kila wiki. Unaweka hoja yako katikati ya wiki, halafu kabla ya Jumapili kwisha unawajibu wenzako wawili. Nilipoanza niliuona ni usumbufu. Baada ya wiki tano nikagundua ndilo zoezi linalofanana kuliko yote na kazi ya ofisi, maana unajifunza kumpinga mtu usiyemwona usoni bila kumvunjia heshima. Udhaifu wake uko kwenye wingi wa watu. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 hataandika zaidi ya "vizuri" chini ya barua yako. Kabla ya kulipa, uliza darasa lina watu wangapi na maoni hurudi baada ya siku ngapi.

Kozi huria zina masomo mazuri mno, mengine yametengenezwa kwa ustadi kuliko darasa lolote nililokaa. Lakini mazoezi mengi ni ya kuchagua jibu, na palipo na kuandika, mara nyingi wanaokusahihisha ni wanafunzi wenzako wakifuata mwongozo wa alama. Hapo unategemea bahati. Mmoja aliwahi kuniandikia neno moja tu. Wiki hiyohiyo mwingine, aliye nchi nyingine kabisa, akanionyesha kwamba sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 41 na ombi langu halikuwemo ndani yake. Yule wa pili alinifundisha kuliko video zote za wiki ile.

Darasani mkufunzi anakuona. Anaona unavyotazama chini ukitaja bei, anasikia unavyoongea mbiombio ukiwa na hofu. Kwa kusimama mbele ya watu, kuendesha kikao na kupatana bei, sijaona kinacholifikia. Kwa uandishi, inategemea aliyesimama mbele. Darasa moja nililosoma zamani, sitalitaja, nilikusanya barua nne na haikurudi hata moja. Alama zilitoka kwenye mtihani wa mwisho wenye swali la "Eleza vizuizi vitano vya mawasiliano." Ninawafahamu watu waliopata A kwenye swali hilo na mpaka leo hawawezi kuandika barua ya kudai deni lao wenyewe.

Usahihishaji unafanya nini? Huu ni ujumbe ambao binti yetu wa Mafinga alimtumia mteja wa Mbeya aliyeulizia mbao:

"Habari. Mbao zipo. Bei tutaongea. Karibu sana."

Nilimrudishia na maswali manne. Mbao zipi na ngapi? Bei ni ya hapo yadini au mpaka mlangoni kwa mteja? Bei hiyo inakufa lini? Na mteja afanye nini sasa hivi? Akaandika upya:

"Habari za asubuhi mama. Mbao za paini mbili kwa nne, futi 12, zilizotiwa dawa, ulizoulizia jana, zipo 300. Kotesheni nimeiambatisha. Bei iliyoandikwa ni ya hapa yadini Mafinga, usafiri ni wa mteja. Itabaki hivyo mpaka Ijumaa tarehe 14. Ukinithibitishia kesho kabla ya saa sita mchana, mzigo utapakiwa Alhamisi. Asante."

Hakuna neno gumu hata moja pale, na salamu imebaki mahali pake. Mteja akimaliza kuusoma hana swali la kurudi kuuliza. Njia yoyote utakayoichagua, hakikisha ina mtu wa kukuuliza maswali manne ya namna hiyo.

Lugha na adabu

Hapa ndipo nilipobabaika kwa muda mrefu, na ndipo ninapoona wenzangu wengi wakibabaika.

Kozi za nje, za chuo na za huria, hufundisha kwa Kiingereza na hufundisha kutanguliza jibu. Ombi au jibu linakaa sentensi ya kwanza au ya pili, sababu zinafuata, shukrani mwishoni kwa mstari mmoja. Vitabu vya somo hili vinasisitiza maandishi yawe wazi, mafupi, kamili, sahihi, yenye adabu na yanayotaja vitu halisi. Kwa mnunuzi anayepanga nafasi ya kontena na ana barua 80 za kusoma asubuhi, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kumwandikia "tutajitahidi" ni kumtesa. Kwa msikilizaji wa huku, "tutajitahidi, Mungu akipenda" ni ahadi ya mtu mnyenyekevu. Kwa yule ni dalili kwamba mzigo hautakuwepo, na ataanza kutafuta kwingine siku hiyohiyo. Hilo sikufundishwa sekondari, ingawa sekondari tulisomeshwa kwa Kiingereza miaka minne.

Ila ukiichukua adabu hiyo yote kama ilivyo ukampigia mzee mwenye shamba Tukuyu ukaanza na "Nahitaji kreti 60 kesho," umejifungia mlango kwa mkono wako. Mzee anasalimiwa, anaulizwa za nyumbani, mvua na afya, na "ndaga" ya kushukuru mwishoni ina kazi yake. Ukiwa Iringa, salamu ya "kamwene" kwa mama mwenye duka la jumla itakupa dakika tano ambazo kotesheni yako haikupewa. Hakuna mhadhiri wa ng'ambo atakayekufundisha hilo, na si kosa lake.

Kuna na barua rasmi ya Kiswahili. Ukiwaandikia halmashauri, chama cha ushirika au shule, barua ina umbo lake: S.L.P. na tarehe, Kumb. Na., anayeandikiwa kwa cheo chake, mstari wa YAH: kwa herufi kubwa, na K.n.y. kama unasaini kwa niaba ya mkuu wako. Kozi ya chuo cha hapa na darasa la mjini vitakufundisha umbo hilo, na usilidharau, kwa sababu barua isiyo na umbo hukaa masjala bila kupelekwa kwa mhusika. Lakini pia huko ndiko utakakofundishwa kuanza kila barua na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Maneno hayo hayambebei msomaji chochote. Kichwa cha habari amekwisha kukiona, mpe jambo.

Jambo jingine ambalo watu hawalitazami ni lugha ya kufundishia. Vyuo vyetu huandika somo hili kwa Kiingereza pia, vitabu vingi ni vilevile vya nje, lakini mkufunzi akiona mmekwama atageukia Kiswahili na kutoa mfano wa soko la Mwanjelwa. Kama Kiingereza chako bado kinakupa shida, msaada huo ni mkubwa. Kama Kiingereza chako kiko vizuri na kinachokukwamisha ni mpangilio wa mawazo, kozi ya nje itakunyoosha haraka zaidi.

Muda na saa

Kozi ya chuo cha Marekani yenye vipindi vya moja kwa moja inahitaji hesabu kabla ya kujiandikisha. Kipindi cha saa moja jioni kwa saa za New York ni saa tisa usiku kwetu. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, wanaposogeza saa zao mbele, kinakuwa saa nane usiku. Nilifanya hivyo muhula mmoja na sitarudia. Saa nane usiku mwezi Juni, huku Uyole ardhi ikiwa nyeupe kwa jalidi, hujifunzi kitu, unavumilia. Tafuta kozi isiyo na vipindi vya lazima, ambayo mihadhara imerekodiwa na kinachobana ni tarehe za kukusanya tu. Na tarehe hizo nazo zitafsiri: "Jumapili usiku wa manane" ya kwao ni Jumatatu asubuhi ya kwetu.

Krediti, yaani namba zinazopima ukubwa wa somo, nazo zisikudanganye. Krediti 3 za Marekani ni kama saa 9 za kazi kwa wiki kwa wiki 15, yaani saa 135 hivi. Hapa kwetu krediti 1 huhesabiwa saa 10 za kujifunza, kwa hiyo somo la krediti 10 ni saa 100. Namba kubwa si lazima iwe kazi kubwa.

Kozi huria haina ukali huo, nayo ndiyo hatari yake. Tafiti za kozi za namna hii zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaofika mwisho ni wachache sana, mara nyingi chini ya 15 kati ya 100 walioanza. Wakati wa kuvuna viazi au kupakia parachichi utasema "wiki ijayo", na wiki ijayo haiji. Upande wa pili, muhula wa chuo hausubiri msimu wako. Mtu wa kahawa Mbozi asijifunge na muhula unaoangukia katikati ya mwaka, wakati matunda yako mkononi.

Darasa la jioni ni rahisi kwa anayeishi Soweto au Forest mjini Mbeya, Kihesa au Gangilonga mjini Iringa. Kwa mtu wa Tukuyu ni kama kilomita 70 kwenda na 70 kurudi. Mafinga mpaka Iringa mjini ni kilomita 80 hivi. Darasa likiisha saa mbili usiku, gari la kurudi ni lipi? Kwa msichana anayesafiri peke yake swali hilo linatangulia ada. Afadhali kozi ya wiki mbili mfululizo ukakaa kwa ndugu mjini, kuliko miezi mitatu ya kuvizia magari barabarani.

Fedha, bando na umeme

Ada hubadilika, hivyo sitaandika viwango. Ujue tu kwamba vyuo vya umma vya Marekani mara nyingi hutoza wasio wakazi zaidi, wakati mwingine zaidi sana, na bei unayoiona kwanza kwenye ukurasa wao huenda ni ya wakazi wa jimbo lao. Kozi huria nyingi zinakuruhusu kutazama masomo bure au kwa sehemu, na unalipia ukitaka cheti au kusahihishiwa. Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada kwa kujieleza kwa maandishi, na maombi hayo yenyewe ni zoezi zuri la somo hili. Malipo ya nje yanahitaji kadi. Usipokuwa na kadi ya benki inayokubali mtandaoni, kampuni za simu zina kadi za mtandaoni zinazochota kwenye pochi yako. Vyuo vya umma vya hapa hukupa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikuambia utume ada kwenye simu yake binafsi, usitume.

Bando hesabu mwenyewe. Video ya ubora wa chini hula karibu megabaiti 300 kwa saa, ya ubora wa juu hupita gigabaiti 1. Kipindi cha Zoom ukiwa umewasha kamera hupita nusu gigabaiti kwa saa kwa urahisi. Kozi ya wiki 15 yenye kipindi cha saa moja na nusu kila wiki itakugharimu zaidi ya gigabaiti 11 kwa vipindi peke yake. Kozi huria zinazoruhusu kupakua somo kwenye programu ya simu zina nafuu hapa: pakua usiku kwa bando la usiku, tazama mchana umeme ukiwa umekatika.

Simu inatosha kwa kutazama, haitoshi kwa barua. Kazi yenye mpangilio wa kurasa, jedwali na kotesheni inataka kompyuta. Kama huna, weka kwenye bajeti saa mbili za steshenari kila wiki.

Cheti

Kama unataka kupandishwa daraja au kuendelea na masomo, angalia kwanza chuo cha hapa kinachotambuliwa na NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati) au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Cha nje cha chuo kikuu utakipeleka TCU kutathminiwa, na somo moja peke yake si shahada wala stashahada. Cheti cha kozi huria kinaonyesha bidii, nacho kinafaa kwenye wasifu wako kwa mwajiri binafsi, hakikupi ngazi. Kwa mwenye biashara yake, hakuna mteja atakayekiomba.

Ukiwa katika hali hii

Unawaandikia wanunuzi wa nje kila wiki, Kiingereza unacho, na una mahali pa kupata kompyuta: kozi ya chuo mtandaoni inakufaa, hasa yenye darasa dogo na mihadhara iliyorekodiwa. Umeajiriwa halmashauri au kwenye ushirika na unatafuta ngazi: chuo cha hapa, Chuo Kikuu Huria ukiwa mbali na mji, au Chuo cha Utumishi wa Umma ukiwa Mbeya.

Una duka au kibanda, wateja wako wanaongea Kiswahili, na tatizo lako ni aibu ya kutaja bei na kudai madeni: nenda darasani, hata la siku tano, ukaongee mbele ya watu. Una msimu usiotabirika na mfuko mwembamba: kozi huria, lakini mtafute mwenzako wa kuanza naye siku moja, mkubaliane kutumiana barua moja kila Jumamosi na kuulizana yale maswali manne.

Kama unaanza kabisa na hujui kama somo hili utaliweza, maliza kwanza kozi moja huria ya wiki nne. Ukiimaliza, umejua kwamba muhula wa chuo utauweza. Ukikwama, umepoteza bando tu, na umegundua kwamba unahitaji mtu wa kukusimamia. Hapo darasa la mjini ndilo lako.

Binti yetu wa Mafinga nilimshauri achanganye: kozi huria kuanzia sasa mpaka yadi itakapopungua kazi, kisha wiki mbili Iringa kwa ajili ya kuongea. Anaandikia wateja wa ndani, ana bosi asiyetoa ruhusa ndefu, na kadi hana. Mtu mwingine wa yadi hiyohiyo, anayeshughulika na wateja wa Zambia kwa Kiingereza, ningemwambia vingine.

Kabla hajalipa popote, nilimpa kazi moja, nawe unaweza kuifanya leo. Andika barua pepe fupi kwenda kwenye kila chuo unachokifikiria, yenye maswali matatu yaliyopewa namba: darasa lina wanafunzi wangapi, kazi zilizosahihishwa hurudi baada ya siku ngapi, na kuna vipindi vya lazima saa ngapi kwa saa za Tanzania. Sema unahitaji jibu kabla ya tarehe fulani. Halafu ngoja. Chuo kinachotaka kukufundisha mawasiliano ya biashara kitajibu yote matatu, kwa mpangilio, kabla ya tarehe hiyo. Binti yetu alituma vyuo vinne. Kimoja kilimjibu "Karibu sana, piga simu." Viwili havijajibu mpaka ninapoandika. Cha nne kilijibu kesho yake, namba 1, 2 na 3.